Mpokeaji wa NFL: namba zipi zinaonyesha uwezo wake mwenyewe?

Ruti_Tupu: Wakuu, kila mjadala wa wapokeaji (wadakaji wa pasi) wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, unaishia kwenye jumla ya yadi za msimu. Lakini mmoja anarushiwa mipira 160 na kotabeki (mrushaji wa pasi) mahiri, mwenzake 100 na kotabeki anayebahatisha. Uwezo wa mchezaji mwenyewe mnaupimaje?

Yadi_Tano: Chukua yadi zake zote, gawa kwa idadi ya ruti alizokimbia, yaani njia anazokimbia ili apewe pasi. Akivuka yadi 2 kwa ruti kwa msimu mzima, huyo ni wa daraja la juu. Usigawe kwa mipira aliyorushiwa pekee, maana kurushiwa mpira ni sehemu ya uwezo: kotabeki humtafuta aliyejinasua. Angalia pia ruti ziwe nyingi, kwa sababu mchezaji wa akiba mwenye ruti 60 anaweza kupandishwa na pasi moja ndefu.

Tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) ziweke kando. Mpokeaji Calvin Johnson alipata 16 mwaka 2011. Mwaka 2012 akaweka rekodi ya msimu ya yadi 1,964, tachidauni zikawa 5 tu. Mtu wa yadi 1,964 hajashuka kiwango!

Kamera_ya_Juu: Naongezea: namba bila video ni nusu ya kazi. Tafuta picha za kamera inayoonyesha wachezaji wote 22, kwa sababu ile ya televisheni hufuata mpira na mpokeaji hutoka kwenye fremu.

Kwanza tazama beki anapombana mpokeaji kwenye mstari mchezo unapoanzia. Je, mpokeaji anaikwepa mikono ya beki na kubaki kwenye njia yake, au anasukumwa kuelekea nje ya uwanja? Akisukumwa, kotabeki anakosa nafasi ya kumrushia pembeni. Halafu tazama anapokata kona. Mzuri hushusha nyonga na kugeuka kwa hatua chache. Anayepiga vihatua vingi anamtangazia beki kwamba anageuka. Na tenganisha nafasi: anayeanzia ndani, nyuma ya mstari, habanwi kama anayesimama pembeni kwenye mstari wenyewe.

Ruti_Tupu: Na ule umbali kati yake na beki unaotolewa na NFL?

Yadi_Tano: Unatokana na vipimo vilivyomo kwenye pedi za mabega, na ni wa pale mpira unapomfikia. Ruti ambazo hakurushiwa hazimo. Pasi fupi mbele ya mabeki waliorudi nyuma hutoa umbali mkubwa bila jasho, wakati pasi ndefu ni ngumu kwa yeyote. Linganisha wanaorushiwa mipira ya urefu unaokaribiana.

Kamera_ya_Juu: Tena mchunguze anayesifiwa kwa kudaka akiwa amekumbatiwa na beki. Mipira ya namna hiyo ikiwa ndiyo mingi kwake, rudi kwenye video uone kama kuna ruti anazojinasua. Mara nyingi utakuta hajinasui.