Ushauri: jengo la shule la enzi za misheni, tunataka liwe maktaba ya kijiji. Tuanzie wapi?

KamatiYaKijiji
Wakuu, habari za majukumu. Naandika kwa niaba ya kamati ya ujenzi, kijiji cha milimani wilaya ya Lushoto. Shule imehamia majengo mapya karibu na barabara, na jengo la kwanza kabisa limebaki tupu. Hali yake ni hii:

Vyumba viwili vya madarasa, kila kimoja mita 7.3 kwa 6 ndani, na ukuta mmoja katikati. Kuta ni za mawe na udongo, unene sm 45, kimo mita 3. Hakuna mkanda wa zege (boriti inayozunguka na kufunga kuta zote) popote. Baraza la mita 1.8 liko mbele. Kenchi ni mbao za mkulo, mti wa msitu wa huku milimani, bati limeshika kutu. Nje lilipigwa plasta ya simenti miaka ya baadaye, sasa inabanduka vipande vikubwa. Ndani unyevu umepanda kama mita moja kutoka sakafuni. Pembe ya nyuma ina ufa unaoingia kidole.

Fundi wetu anasema tubandue plasta yote tupige simenti upya, tumwage zege sakafuni juu ya nailoni, na tuvunje ukuta wa katikati tupate ukumbi mmoja. Wapo pia wanaotaka liwe ghala la mahindi. Tusaidieni kabla pesa haijatumika.

MwashiWaMawe
Mkuu, kubandua plasta ni sawa. Kurudisha simenti ndiko kutakakowarudisha hapo mlipo.

Ukuta wa mawe na udongo hauna kizuizi cha maji kwenye msingi. Unyevu wa ardhini unapanda ndani yake siku zote, na wajenzi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana walipiga chokaa: unyevu unatoka nje kupitia chokaa na kukauka kwa upepo. Simenti imeziba njia hiyo. Maji yanabaki nyuma ya plasta, yanalainisha udongo ulioshika mawe, chumvi inajikusanya pale simenti inapokutana na ukuta, kisha plasta inasukumwa nje nzima nzima. Kipande kikianguka, kigeuzeni mtazame mgongo wake. Mtaona udongo wa ukuta umeng'ang'ania na unga mweupe wa chumvi juu yake.

Bandueni kwa nyundo ndogo na patasi, msitumie nyundo kubwa. Kwaruzeni viungo kina cha sm 2 hadi 2.5, pigeni brashi, lowesheni ukuta jioni na tena asubuhi kabla ya kazi. Uwiano ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga mkali wa mtoni uliochekechwa, usio na udongo. Pigeni mikono miwili, yaani tabaka mbili, kila mmoja usizidi sm 1. Mkono wa kwanza ukae siku kadhaa ushike ndipo upige wa pili. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa wiki moja. Chokaa ikikauka haraka kwa jua haishiki, inabaki unga, na hapo ndipo watu wengi husema chokaa haifai.

PaaKwanza
Naunga mkono, ila plasta ni kazi ya mwisho. Anzeni na maji ya juu, kisha ya chini.

Juu: toeni bati upande mmoja kwa wakati mmoja, vichwa vya kuta visikae wazi hata usiku mmoja. Maji yakiingia katikati ya ukuta wa udongo yanaula kutoka ndani na hamtaona kitu hadi ukuta uvimbe. Chunguzeni kila kenchi kwa bisibisi, hasa ncha iliyokalia ukuta, na mtambaa panya wote, yaani mbao iliyolala juu ya ukuta kubeba kenchi. Bisibisi ikizama zaidi ya sm 1, mbao imeoza hapo. Msitupe kenchi nzima. Mkulo wa zamani ni mgumu kuliko paini mtakayonunua leo. Kateni sehemu iliyooza, ungeni kwa mbao mbili za 2x6 zilizotiwa dawa, moja kila ubavu, zipandane na mbao nzima angalau sm 60, bolti za mm 12.

Wekeni gata pande zote mbili. Paa lenu pamoja na baraza linafika kama mita 17 kwa 10. Mvua moja ya milimita 30 inashusha lita 4,000 na zaidi, na kwa sasa zote zinadondoka kwenye mguu wa ukuta.

Chini: pimeni usawa wa udongo wa nje. Kwenye mteremko udongo hushuka mwaka hadi mwaka ukajaa upande wa nyuma hadi ukapita sakafu. Chimbeni ushuke sm 20 chini ya sakafu, halafu mtaro umbali wa mita moja kutoka ukutani, mteremko wa sm 1 kwa kila mita. Msichimbe kupita kitako cha msingi. Naamini nusu ya unyevu wenu itaondoka kwa jembe tu.

NguzoNne
Mimi nasimama kwenye ukuta wa katikati. Tafadhali msiuvunje.

Kuta ndefu za jengo hili zina karibu mita 15, hazina mkanda, na kenchi zinazisukuma kwenda nje. Kinachozishika ni kuta za mwisho mbili na huo wa katikati. Leo kila kipande cha ukuta kinasimama mita 7.3 bila mshikizi. Mkiuondoa kinakuwa mita 15. Hautaanguka siku hiyo. Utaanza kulala polepole, na timazi litawaonyesha baada ya masika mawili matatu.

Mnachoweza kufanya ni mlango mpana wa mita 2.4 katikati, mkiacha mita 1.8 za ukuta kila upande. Kwanza pitisheni mihimili ya muda juu ya pale linta itakapokaa, kila sm 60, ikishikiliwa na miti imara pande zote mbili. Msizidishe hizo sm 60, maana mawe yaliyoshikwa na udongo hayajishikilii yenyewe kama tofali. Linta iwe na urefu wa mita 3, ikalie ukuta sm 30 kila upande, kimo sm 25, nondo 4 za mm 12, ringi za mm 8 kila sm 20. Pale inapokalia, jengeni upya kozi mbili kwa mawe bapa. Miti ya muda isitoke kabla ya wiki tatu. Mchoro upitishwe na mhandisi wa halmashauri kabla ya nyundo ya kwanza.

Mkulima_Soni
Lakini ghala si lingeleta mapato? Maktaba nani ataihudumia?

NguzoNne
Ndugu, hoja ya mapato ni ya kweli, ila jengo hili silo. Watu wakishapanga magunia huyaegemeza ukutani, na ukuta huu haukujengwa kusukumwa kutoka ndani. Hata mkiyapanga juu ya chaga, mita moja kutoka ukutani, kila chumba kinapoteza zaidi ya nusu ya nafasi. Na mahindi kwenye chumba chenye unyevu yanaota ukungu wa sumukuvu. Ghala lijengwe jipya. Darasa lilijengwa kwa ajili ya watu kukaa na kusoma: madirisha pande zote mbili, hewa inapita, kizingiti cha dirisha kiko juu. Maktaba haiombi jengo libadilike sana.

RafuNaVitabu
Nikiongezea kwa NguzoNne, ukuta wa katikati ndio ukuta mkavu kuliko yote kwa sababu haupigwi na mvua. Rafu za vitabu ziende hapo, pande zote mbili: watoto chumba kimoja, wakubwa kingine. Rafu isigusane na ukuta, acheni sm 10, na ubao wa chini uwe sm 15 juu ya sakafu. Ubao wa mm 25 usivuke sm 80 bila mguu, vitabu vitaupinda. Meza ziwekwe upande wa nyuma. Upande wa mbele baraza linafunika mwanga.

Ubao mweusi wa ukutani mwuache. Kwa mikutano na masomo ya jioni utatumika.

Kuhusu sakafu, zege juu ya nailoni litafukuza unyevu uelekee kwenye kuta. Lazeni tofali za kuchoma juu ya mchanga wa sm 5, viungo vijazwe chokaa.

SheriaZaArdhi
Kabla ya yote, jengo ni la nani? Shule nyingi za misheni ziliingia mikononi mwa serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969, lakini kiwanja chaweza kuwa bado kinahesabiwa ni cha kanisa. Ulizeni dayosisi na ofisi ya ardhi ya wilaya, mpate barua. Kisha mkutano mkuu wa kijiji upitishe matumizi mapya, muhtasari upelekwe halmashauri. Msitegemee Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iwalindie jengo: ulinzi wa moja kwa moja ni kwa majengo ya kabla ya 1863. La baadaye linahitaji tangazo la waziri.

KamatiYaKijiji
Asanteni sana wakuu. Maswali mawili: ule ufa, na chokaa kiasi gani?

MwashiWaMawe
Ufa kwanza usiuzibe. Piga kibandiko cha jipsamu juu yake sehemu tatu, andika tarehe, uangalie vuli yote na masika. Kibandiko kikipasuka, pembe bado inashuka na dawa yake ni gata na mtaro. Kikibaki kizima, fungueni ufa, ondoeni mawe yaliyolegea, ingizeni mawe marefu yanayovuka ufa kila sm 60 kwa chokaa.

Kiasi: kuta za nje ni kama mita za mraba 110 mkitoa madirisha na milango. Kwa unene wa sm 2 pamoja na mashimo ya mawe, tengeni kyubiki mita 3 za mchanga na mapipa 5 ya lita 200 ya chokaa rojo, yaani mifuko kama 25 ya kilo 25. Chokaa ya Tanga iko karibu nanyi. Ilowesheni kwenye mapipa mwezi mzima kabla ya kazi, maji yafunike juu sm 5, na mfunike vizuri. Miwani na glavu ni lazima. Chokaa ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi na kimbieni zahanati.

Rangi pia iwe ya chokaa, mikono minne myembamba kama maziwa. Rangi ya plastiki itaziba ukuta kama simenti ilivyoziba.

KamatiYaKijiji
Nimeelewa. Tunaanza na barua ya dayosisi, na vijana wa msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) watashuka na majembe upande wa nyuma kabla ya vuli.