Matabishi (bakshishi) kwa kapiteni na vijana wa boti: asilimia, kila mtu chake, au samaki?

MwanaNyawera (Bukavu)
Wakubwa na wadogo, jambo kwenu. Baba mdogo anakuja kutoka Canada baada ya miaka 18, na kitu cha kwanza alichoomba kwenye simu si pombe ya kasiksi wala kwenda kuona makaburi ya wazee. Anataka kukesha ziwani Kivu na wavuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu vidogo. Nimepatana na kapiteni mmoja wa hapa: dola 100 usiku mzima, mafuta ndani, yeye na vijana watano. Bei imekwisha, hiyo tuiache. Kinachonisumbua ni matabishi. Baba mdogo anataka kutoa asilimia kama huko anakoishi. Mke wangu anasema kila kijana apewe chake mkononi, sawa kwa sawa. Mimi nilikuwa nawaza tusitoe pesa kabisa, tuwaachie samaki wote watakaopatikana, tubebe na bugali na nyama ya mbuzi, watu wale washibe. Mwenye uzoefu aseme. Tunaenda Ijumaa ya wiki ijayo.

Tampa_Kwetu_Kivu
Niko Florida na huku napanda boti za uvuvi mara mbili tatu kwa mwaka, kwa hiyo namwelewa baba mdogo wako. Kawaida ya huku ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya boti, pesa taslimu, mkishafunga kamba gatini. Boti ya dola 600, unatoa 90 mpaka 120. Lakini tazama anayepewa: ni msaidizi, yule anayekutilia chambo, anayefungua nyuzi zilizosokotana, anayekupasulia samaki mwishoni. Kwa wengi wao bakshishi ndiyo sehemu kubwa ya kipato. Kapiteni akiwa ndiye mwenye boti, faida yake imo ndani ya bei. Na siku samaki wakigoma bado unatoa, maana kijana alitoka jasho lile lile.

Sasa ilete hesabu hiyo Bukavu. Asilimia 20 ya 100 ni dola 20, gawanya kwa vijana watano, dola nne nne. Huku boti ni ghali na ina watu wawili. Kwetu boti ni rahisi na imejaa watu. Asilimia ikivuka bahari inapungua uzito.

Muvuvi_wa_Birava
Jambo ndugu. Mie njo niko mu kazi hii, basi nielezee kidogo. Sisi hatunaka mushahara. Usiku ikiisha, mwenye mitumbwi na nyavu anatoa sehemu yake, pesa ya mafuta ya taa inatoka, na ile inabakia tunagawana. Kama sambaza zilikataa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo mbele ya kuhesabu matabishi, uliza kapiteni kitu moya: sambaza za ule usiku ni za nani? Kama tunavua kama kawaida na nyie munatazama, samaki njo mali yetu tayari. Huwezi kutupatia samaki yetu kama zawadi 😂. Lakini kama anatutoa mu kazi ili tutembeze baba mudogo, basi ule usiku kwangu hakuna kitu, na hapo ile munaita matabishi njo mushahara.

Na ingine. Ijumaa ya juma inakuya mwezi itakuwa imejaa. Mwezi ikiwa kubwa hatuendake, taa haina nguvu, sambaza zinatawanyika. Kapiteni wako anajua. Muulize mbona alikubali.

MwanaNyawera
Papa, umeniua. Mwezi sikuuwaza hata kidogo. Nampigia sasa hivi.

Kavimvira_Juu (Uvira)
Hata huku ziwa Tanganyika mwezi ukijaa mitumbwi inalala mchangani na ndagala (dagaa) zinaadimika sokoni. Na msisahau, sambaza zenu ni watoto wetu. Zilitolewa Tanganyika zikamwagwa Kivu miaka ya 1950 ikiishia. Matabishi ya kwanza tulitoa sisi, bado tunangoja asante.

Birere_Fundi (Goma)
Usimpe kapiteni agawe. Nasema kwa yaliyonikuta. Tulikodi boti watu wanane, kisiwa cha Idjwi kwenda na kurudi, tukachanga dola 40, tukamkabidhi kapiteni mbele ya wote na makofi tukapiga. Kesho yake nakutana na kijana mmoja wa boti ile njiani, ananiambia walipewa faranga 5,000. Wagawane wanne.

Tangu siku hiyo natoa mkononi. Nabeba faranga, kila noti nimeikunja peke yake tangu nyumbani, maana ukianza kuhesabu gizani boti inayumba na watu wanakutazama. Dola usibebe, au ukibeba ziwe mpya. Rafiki yangu alimpa kijana noti ya 20. Kijana akaisogeza karibu na taa, akapitisha kidole ukingoni, akakuta mpasuko mdogo kama jino la kitana. Akairudisha kwa mikono miwili: "Papa, hii sokoni hawapokei." Na rafiki hakuwa na nyingine! Kutuma kwa simu nako ni kazi bure, pesa inafika kwa kapiteni yule yule.

Mama_Muhumba (Bukavu)
Mwanangu wa Birere, una haki lakini si yote. Ukimruka kapiteni mbele ya vijana wake umemvua nguo, halafu wewe unaenda zako, wao ndio wanabaki naye. Mimi hufanya hivi: kapiteni nampa chake kwanza, kikubwa kidogo, kisha nasema kwa sauti kila mtu asikie, "Kapiteni, hii ni yako. Hizi ni za vijana, nikubalie niwapatie mwenyewe." Bado sijaona aliyekataa.

Lakini nyote mmeongea juu ya pesa ya kurudi, hakuna aliyegusa pesa ya kwenda. Msitoe chochote kabla boti haijaondoka. Nimeona watu wanamtilia kapiteni noti mfukoni kwa sababu amesema upepo si mzuri na wao wana haraka. Boti ile iliyotoka Minova Oktoba 2024 ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku huko Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu, ilikuwa imebeba kuliko uwezo wake. Kapiteni akikuambia leo hatuondoki, mpe huyo. Na jilé, zile jaketi za kuokolea, zihesabu kwa macho yako, mkiwa wanane ziwe nane, tena zifunge, si za kukalia kama mto. Uliza pia kama kuvua usiku kunaruhusiwa tarehe hiyo, maana amri za ziwa hubadilika bila kumwambia mtu.

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)
Kenya ya hapa mjini jamani, si ile ya Nairobi. Sisi tukitaka maji makubwa tunashuka Kasenga, kwenye mto Luapula. Mwaka juzi tulifanya kama anavyowaza MwanaNyawera, tukawaachia vijana samaki wote tukijiona wakarimu. Wakapokea, wakasema asante, lakini nyuso zao! Kumpa mvuvi samaki ni kumpa mwashi tofali. Baadaye dereva wetu akatuambia walikuwa wanaomba Mungu tuache sukari na sabuni tulizobeba, na zile betri za tochi. Tulirudi nazo Lubumbashi.

Kuhusu asilimia nina neno. Huku matabishi ni lile konzi la juu mama anakutilia akishapima unga. Hakuna anayelipima tena.

Tampa_Kwetu_Kivu
Sawa yaya, lakini bila kipimo mgeni anatoa ama dola mbili ama mia mbili. Nimemwona mtu wa diaspora akitoa mia kwa saa mbili za kuzunguka, na waliokuja nyuma yake wote wakatajiwa bei ya mtu wa mia. Afadhali baba mdogo apewe hesabu kabla hajashuka gatini na kufurahi.

Muvuvi_wa_Birava
Huyu wa Tampa anasema kweli. Ile mia ilitukosesha kazi mwezi muzima, kila mutu anasema sisi tuko ghali.

MwanaNyawera
Majibu ya kapiteni. Nilipomuuliza habari ya mwezi alicheka mpaka simu ikakatika. "Nilifikiri munataka kuona mwezi!" Tumesogeza siku kumi na mbili mbele, giza tupu. Sambaza ni za kwao, wanavua kama kawaida, sisi tunakaa pembeni. Vijana faranga 10,000 kila mmoja, kapiteni 20,000, kwa njia ya Mama Muhumba. Na kilo mbili za sukari kwa ajili ya Lushois, asilie tena.

MwanaNyawera
Tumerudi. Samahani nimechelewa, nililala mchana kutwa.

Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu chini, taa juu, na wale watu wanaanza kuimba giza likiingia kama wanaomwita mtu wa ng'ambo. Baba mdogo alijua wimbo mmoja, akaimba nao. Wavu uliinuliwa mara nne. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe: maji chini ya taa yakaanza kuchemka kwa sambaza, nyeupe, nyembamba, zinaruka mpaka kwenye viatu vyetu. Mara ya nne baba mdogo hakuiona, alishalala tangu saa nane akiwa amekumbatia jilé.

Sasa matabishi. Nilikunja noti tano kama alivyosema Birere_Fundi. Kumepambazuka tunafika ufukweni, natoa neno la Mama Muhumba, kapiteni anapokea chake, nawapita vijana mmoja mmoja, na mwishoni nabaki natazamana na mzee mmoja. Alikuwa mtumbwi wa nyuma usiku kucha akichota maji kwa kibati. Sikumhesabu, sikumwona hata kidogo. Mfukoni sina faranga, nina dola 50 tu ya baba mdogo. Kabla sijafungua mdomo, kapiteni amekwisha kutoa noti moja kati ya mbili nilizompa, akampitishia mzee kwa nyuma bila kugeuza kichwa, akaendelea kufungua kamba.

Birere_Fundi
Huyo kapiteni nipe namba yake.

MwanaNyawera
Nimekutumia kando. Lakini angalia mwezi kwanza.