Re: Maboga yanadondoka yangali machanga

Assalamu alaykum na habari zenu ndugu,

Huu mwaka wa pili napanda maboga nyuma ya nyumba. Majani napata, tena mengi, tunayapika kwa nazi na karanga na watoto wanayapenda. Boga lenyewe ndilo halikui. Likifika ukubwa wa kidole gumba linageuka njano, linaanza kuoza kwenye ncha, linadondoka. Mbolea nimetia, maji namwagilia kila jioni. Nyuma kwangu kuna nyasi na uzio wa mbao, basi. Kuna aliyepitia haya?

Mama Pacha, Coventry

---

Waalaykum salaam Mama Pacha, na pole.

Jibu umeshalitaja mwenyewe: nyasi na uzio. Boga lina maua dume na maua jike. La kike utalitambua kwa kale kaboga kadogo kaliko chini ya ua. Yanafunguka alfajiri, ikikaribia adhuhuri yameshafumba, na hilo la leo halifunguki tena kesho. Katika saa hizo chache nyuki lazima atoe chavua kwa dume aifikishe kwa jike, na apite zaidi ya mara moja. Asipopita, ndiyo hiyo njano unayoiona. Nyumbani hatukuwahi kuliwaza hili kwa sababu maboga yalitambaa katikati ya mahindi na kunde na magugu yenye maua, nyuki wapo tu. Nyasi iliyokatwa fupi haina cha kumpa nyuki.

Mimi nilihangaika hivyo hivyo mpaka nilipopanda boraji. Jirani yangu Mwarabu anaiita lisan al-thawr, ulimi wa fahali, na ukiligusa jani utaelewa kwa nini: linakwaruza. Maua yake ni nyota za buluu zenye ncha tano, zimeinamisha vichwa. Asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, lakini hapa Uingereza inaota bila kubembelezwa. Ua likinyonywa hujaza asali yake upya upesi, kwa hiyo nyuki wanazunguka hapo kutwa nzima, na wakiwa hapo watayatembelea na maboga yako.

Nyanya nazo zinafaidika. Wale nyuki wakubwa wenye manyoya manene hulishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hawafanyi hivyo. Wale wakubwa wanaipenda sana boraji, kwa hiyo ukiwaita kwa boraji umeziitia nyanya wahudumu.

Namna ya kupanda: tia mbegu moja kwa moja ardhini mwezi wa nne, kina cha sentimita moja hivi, mahali penye jua. Usiioteshe kwenye kitalu ukategemea kuihamisha ikishakua, kwa sababu ina mzizi mmoja mrefu unaokwenda chini na ukikatika mmea unadumaa. Acha sentimita 40 kati ya mche na mche. Ukipanda mwezi wa nne utaona maua mwezi wa sita, sawia na maua ya maboga. Mimi hutia mbegu nyingine mwanzoni mwa mwezi wa saba ili maua yasikatike. Mbolea usiipe. Ikinenepa inalala chini yote mvua ya kwanza ikipiga. Miche ikiwa midogo chunga konokono.

Kwa mwaka huu, kama maboga bado yana maua, amka mapema, chuma ua dume, ng'oa petali zake, sugua chavua katikati ya ua jike. Mimi nilipata maboga matatu kwa njia hiyo.

Bibi wa Leicester

---

Shikamoo Bibi. Naomba niongeze jambo, maana nafanya kazi ya uuguzi na hili linanikosesha amani.

Najua sisi tukiona jani pana lenye vinyweleo tunafikiria chungu cha mboga. Boraji si mchicha. Majani yake machanga yana ladha ya tango na Wazungu huweka kidogo kwenye kachumbari, lakini yana kemikali zinazoumiza ini zikiliwa nyingi au kwa muda mrefu. Mjamzito na anayenyonyesha wasile kabisa. Maua machache juu ya juisi ya ukwaju, sawa, yanapendeza.

La pili ni zito zaidi. Kuna mmea hapa unaitwa foxglove, unaota wenyewe bustanini, na kabla haujatoa maua majani yake yanafanana na ya boraji. Huo ni sumu ya moyo. Vinyweleo vyake ni laini kama kitambaa, vya boraji vinachoma, lakini msitegemee vidole peke yake. Msichume jani lolote mpaka mmeziona zile nyota za buluu.

Glasgow

---

Shikamooni wakubwa. Huku Columbus, Ohio, jalidi hutupiga mpaka mwezi wa tano, kwa hiyo nachelewa kidogo kupanda.

Mimi huchanganya boraji na marigodi, ndugu yake yule bangi mwitu wa mashambani Arusha. Ukisugua jani, harufu inakurudisha kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walionyesha kwamba harufu hiyo huwapunguza inzi weupe kwenye nyanya. Mimi naipanda siku ile ile na nyanya, nisisubiri wadudu waingie. Nastashiamu, ua linalopendwa na vidukari, naiweka pembeni kabisa, waende huko waziache kunde zangu.

Baba Mdogo, Columbus

---

Ahsanteni sana, nimesoma mara mbili. Leo asubuhi nimekuta maua dume manne na jike moja, nimesugua kama Bibi alivyosema. Swali moja: nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki nichimbe zaidi. Boraji inakaa kwenye ndoo?

Mama Pacha

---

Inakaa, mwanangu. Ndoo iwe na kina cha sentimita 30 au zaidi kwa ajili ya ule mzizi, itoboe chini, mche mmoja kila ndoo. Ikianza kuzeeka na kupata ubwiri unga, yaani ukungu mweupe kwenye majani, ikate kabla mbegu nyeusi hazijadondoka, la sivyo mwakani itaota mpaka kwenye nyufa za sementi. Kwangu iliota hadi mlangoni. Inang'oka kwa urahisi, ila vaa glavu. Mbegu za kuanzia nitakutumia kwa posta, niandikie pembeni.

Bibi wa Leicester