Sponji ya boneti ya Benzi W124 inamomonyoka: nibandike nyingine au niache wazi?

Jicho_Moja:
Wakuu habari za jioni. Nina Mercedes 230E ya 1990, ile W124 yenye waipa moja. Ilikuwa ya mzee, nimeachiwa mimi, na kwa umri wake sina la kulalamika. Inawaka bila kusumbua, haichemshi, naenda nayo Korogwe na kurudi Tanga roho ikiwa imetulia.

Shida ni sponji ya chini ya boneti. Imekuwa kama keki iliyosahaulika juani. Ukigusa, kidole kinazama, na ukikitoa kinatoka na unga mweusi unaonata. Zamani zilikuwa zinadondoka chenga mbili tatu, nafuta na tambara, yanaisha.

Kilichonifanya niandike ni cha Jumamosi. Nilikuwa nabadilisha chujio la hewa. Nikafungua klipu, nikanyanyua mfuniko wa ea klina, na chenga zote zilizokuwa zimelala juu yake zikamiminika ndani, upande ule ambao hewa imeshachujwa. Wanaoijua injini yake, M102, wanajua chini ya chujio kuna nini: sahani ya KE-Jetronic, yaani mfumo wake wa kupuliza petroli, inayopima hewa, na baada ya hapo ni injini. Nilikaa nusu saa na kibano cha nyusi cha mke wangu nikiokota chenga mojamoja. Kibano nimekirudisha kimyakimya, naomba asiwe anasoma humu.

Fundi wangu hapa Ngamiani anasema ng'oa yote, piga rangi nyeusi, maisha yaendelee. Jirani anasema nikate godoro la inchi moja nibandike. Orijino niliiulizia kwa simu kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikatajiwa bei, nikajifanya mtandao umekata. Aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake anipe njia.

Mark2_Kifaru:
Nyie wa Benzi mnapenda kuteseka. Ya kwenye Toyota Mark II yangu ni felti inayoshikwa na pini za plastiki. Panya waliitafuna wakajengea kiota juu ya betri, nikapata ya mtumba Ilala, nikabonyeza pini, dakika ishirini nikanawa mikono. Gundi ya nini?

Dizeli_ya_Makupa:
Ndugu yangu wa Tanga, pole, na jirani yako msalimie lakini usimsikize. Godoro ni la kulalia. Linanyonya oili na maji, na likishika moto linayeyuka na kudondosha matone yanayowaka juu ya mipira ya petroli. Hata kwa bure sitaki.

Nilibadilisha ya 250D yangu mwaka jana, nayo ni W124, huku Mombasa. Kubandika kulinichukua saa moja na nusu. Kukwangua kulinimalizia Jumamosi nzima na Jumapili mpaka adhuhuri. Basi nitasema zaidi kuhusu kukwangua.

Kwanza, simamisha boneti wima. Nimekutana na watu wana gari hii miaka kumi hawajui kwamba boneti yake inasimama nyuzi 90. Pale kwenye bawaba pana kidude kinachoizuia. Mwenzio akishika boneti, wewe ukakisukuma, inaendelea kupanda mpaka tumbo lake linatazama mbele, na unafanya kazi umesimama kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Ila siku ya kusi kali usithubutu. Boneti iliyosimama ni tanga, na hapo sisemi mji wenu.

Pili, funika injini kwa shuka kuukuu. Nailoni haifai, chenga zinateleza juu yake na kuingia kusikofaa. Mdomo unaovuta hewa ya injini uzibe kwa kitambaa. Na ule uwazi chini ya kioo cha mbele unaopeleka hewa ndani ya gari, pitisha tepu. Mimi niliusahau. Mpaka leo nikiwasha feni siku nyingine napokea punje usoni. Vaa barakoa na miwani.

Sponji yenyewe inatoka kwa mkono, kama makoko ya sufuria iliyolowekwa. Kinachobaki ni gundi ya kiwandani, ngozi nyembamba rangi ya asali. Hapo ndipo watu wanachukua brashi ya waya. Kwa chumvi ya pwani, ukishaifikia bati umejitengenezea kutu ambayo utaifunika kwa shuka jipya la sponji, na hutaiona mpaka itoboe. Mimi nilipaka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi, nikaacha robo saa, nikakwangua kwa plastiki niliyokata kwenye ndoo ya rangi. Nikapaka tena, nikakwangua tena. Injini iwe baridi kabisa, betri ichomolewe, anayevuta sigara akae mbali, na petroli isitajwe hata kwa mzaha. Angalia pia ule mpira wa maji ya kuoshea kioo unaopita humo, usiukate.

Rangi_na_Puti:
Mafuta ya taa yatakumalizia mwezi, mkuu. Chukua tina ya kuyeyushia rangi, futa, imeisha.

Dizeli_ya_Makupa:
Tina inategemea. Rangi ya kiwandani imeokwa, ukifuta upesi inavumilia. Lakini boneti ikiwa imewahi kupigwa rangi gereji, hasa ile ya zamani inayokauka kwa hewa tu, tina inaibeba rangi pamoja na gundi. Jaribu pembeni pasipoonekana. Tambara likitoka na rangi ya gari, rudi kwenye mafuta ya taa.

Fundi_Sofa:
Mimi si fundi magari, mimi ni wa sofa Mwananyamala, ila gundi nakula nayo sahani moja. Wengi watakuambia nunua gundi yetu ya kupuliza sponji. Usinunue. Sofa halikai juu ya injini. Ukizima gari saa nane mchana, joto la chini na jua la juu vinakutana hapo kwenye bati, gundi yetu inalainika, na shuka lako linakuja kulala juu ya mikanda. Tafuta gundi ambayo kopo lenyewe limeandikwa kwamba inahimili joto kali, na uone limeandika nyuzi ngapi.

Paka pande zote mbili, bati na shuka. Kisha subiri. Watu hawana subira hapa. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta uzi, bado. Ikishika bila kuvuta uzi, bandika. Anza katikati ukielekea pembeni, na usitegemee kusogeza, ikishagusana imefunga ndoa. Kabla ya yote, patani ukate kwa karatasi ya mfuko wa saruji; ni ngumu, na inakunjika kufuata mbavu za boneti. Na hayo mafuta ya taa aliyosema bwana wa Mombasa, hakikisha umeyaosha yote kwa maji ya moto na sabuni, kisha futa na spiriti. Gundi na mafuta havikai nyumba moja.

Jicho_Moja:
Asanteni sana. Shuka lenyewe sasa nitumie lipi? Kuna jamaa anauza yale mazito meusi ya kuzuia mtikisiko, yana foili juu.

Dizeli_ya_Makupa:
Uliza kama ni lami. Ya lami kwenye boneti italainika na kuning'inia. Tena ni mazito, na springi za boneti zilipimwa kwa uzito wake. Chukua sponji ile ya vitundu vilivyojifunga, isiyonyonya maji, iwe haishiki moto, yenye foili upande wa injini. Unene upime kwanza. Nafasi juu ya ea klina ni finyu, na injini inatikisika kwenye mipira yake, haikai kama picha.

Jicho_Moja:
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Nafasi niliipima kwa ugali. Msicheke. Ugali mgumu wa jana yake, nikaufinyanga mabonge, nikayafunga kwenye nailoni, nikaweka moja juu ya ea klina, moja juu ya mfuniko wa oili, moja karibu na betri. Nikashusha boneti taratibu mpaka ikajifunga, nikafungua, nikapima mabonge yaliyobondeka kwa rula ya shule ya binti yangu. Juu ya ea klina milimita 22, kwingine zaidi ya 30. Nikanunua shuka la milimita 10.

Kukwangua ni kama alivyosema, siku moja na nusu. Kidude cha bawaba nilikipata, ila nilikisukuma kabla shemeji hajashika vizuri, tukatazamana. Tina niliijaribu pembeni, tambara likatoka na bluu, kumbe mzee aliwahi kuipiga rangi na hakusema. Nikarudi kwenye mafuta ya taa. Chini ya gundi nikakuta alama ya kutu ndogo kama kucha, nikaipiga msasa, praima, rangi, nikasubiri siku mbili.

Kelele siwezi kudanganya, kwa injini ya petroli sioni tofauti kubwa. Joto ndiyo. Zamani nikirudi Korogwe sikuweza kuacha kiganja juu ya boneti, sasa nahesabu mpaka kumi. Kona ya nyuma kushoto imeanza kunyanyuka kwa upana wa vidole viwili, na sababu naijua: hapo nilichoka, spiriti sikupitisha. Nitairudia Jumapili.

Jirani alikuja kuangalia, akabonyeza, akasema godoro lingekuwa laini zaidi. Kibano kimeulizwa.

Nimebaki na kipande cha karibu nusu mita. Mwenye W124 au Benzi 190 hapa Tanga anayeziba kona aje achukue bure, ila aje na ndoo yake ya kukatia plastiki, yangu imekwisha.