Mrejesho: Kutoka uhandisi kwenda kufundisha hisabati sekondari

Wakuu, niliwauliza kama mhandisi anaweza kuwa mwalimu wa hisabati sekondari bila kusoma shahada nyingine. Wengi mlisema nichukue stashahada ya uzamili ya ualimu. Nimeichukua, na sasa niko kwenye mazoezi ya kufundisha.

Hesabu zenyewe hazinisumbui. Kazi iko kwenye kujua mwanafunzi anawaza nini. Wengi huandika (a + b)² = a² + b², na ukiwasahihisha kwa kanuni tu, kesho wanarudia. Kilichosaidia ni kuwaambia waweke a = 3 na b = 4: upande mmoja 49, mwingine 25. Kisha tunachora mraba wenye upande a + b, na ile mistatili miwili yenye eneo ab kila mmoja, waliyoisahau, wanaiona wenyewe. Hapo darasa linachangamka kweli.

Kinachonitesa ni sehemu. Asiyeweza kujumlisha 1/2 na 1/3 atakwama tu kwenye 1/x + 1/(x + 1). Basi huwa naanza kipindi kwa sehemu, silabasi itanivumilia.

Aliyesema kusahihisha madaftari kunamaliza jioni zote hakutania. Mshahara tuuache kwanza. Anayetaka kuhama, aombe kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.