Tupeane uzoefu: wale wa foleni za miaka ya 80, pesa unayo ila dukani hakuna kitu

Kapuku88 (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa nabishana na mzee wangu, mi nikamwambia maisha hayajawahi kuwa magumu kama sa hivi, mzee akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza "wewe ushawahi kupanga foleni ya sabuni ukarudi na kiberiti?" Nikakaa kimya. Mi nimezaliwa 88, haya mambo nayasikia tu, na kila mtu ana lake, huyu anasema ni vita ya Amin, yule anasema ujamaa, mwingine mabeberu. Waliokuwepo waseme walichoona kwa macho. Kwenu kilianza kukosekana nini na mkawa mnaishije?

Mtoto wa Balozi:
Marahaba, maana naona hata shikamoo hujatoa.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, Dar, kwa hiyo foleni tuliiona kwa upande wa ndani. Kila kaya iliandikwa, watu wangapi, watoto wangapi, na ndo mgao wenu unatoka hapo kwenye duka la kaya. Sukari ikifika habari inasambaa usiku huohuo sijui kwa njia gani, alfajiri ukitoka unakuta mawe yamejipanga barabarani. Siyo utani, mawe. Kila mtu na jiwe lake, wengine tofali, wengine ndoo iliyotoboka, jiwe ndo linakushikia nafasi we unarudi kulala kidogo. Na kila mtu anajua jiwe la nani ni lipi. Siku moja mama mmoja alikuta jiwe lake limesogezwa nyuma nafasi tatu, hapo palichimbika.

Ubaya wake sasa, sisi tulionekana tunashiba. Watu waliamini balozi anakula vya mlango wa nyuma. Mimi nakumbuka tunakunywa chai ya chumvi kama wao, ila nenda kamwambie mtu aliyekosa kilo moja ya sukari kwamba na balozi kakosa. Kuna majirani hawakumsalimia baba mpaka tulipohama.

Fundi Mstaafu:
Mimi nilikuwa fundi wa mitambo kiwanda cha nguo tangu 76, jina la kiwanda niacheni. Vijana mnatafuta mchawi mmoja, hakuwa mmoja. 76 na 77 kahawa ilipanda bei sana baada ya baridi kuunguza mikahawa kule Brazil, dola zikaingia, serikali ikalegeza vibali vya kuagiza mali nje na dola zikaliwa kama za harusi. 77 hiyohiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, tukaanza kujitegemea reli, ndege, posta, na mpaka na Kenya ukafungwa, ulikuja kufunguliwa 83. Oktoba 78 Amin akaingia Kagera. Tukapigana mpaka Kampala ikaanguka Aprili 79, malori yalikwenda kubeba askari na mengine hayakurudi, yaliyorudi yalirudi kwa kusukumwa. Hatujapumua, mafuta yakapanda tena baada ya mapinduzi ya Iran. Wenye magari watakumbuka, Jumapili ikifika saa 8 mchana gari binafsi marufuku barabarani bila kibali.

Ila tusijidanganye, ugonjwa ulikuwemo ndani kabla ya Amin. Mkonge mwanzoni mwa miaka ya 60 ulikuwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ukija katikati ya miaka ya 80 hata 50,000 haufiki. Mkulima wa kahawa na pamba anapangiwa bei ndogo, analipwa kwa kuchelewa, na akishalipwa aende akanunue nini? Hakuna khanga, hakuna jembe, hakuna baiskeli. Basi anaacha, analima mihogo yake anakula. Mazao yakipungua dola hazipo, dola hazipo speya haziji, speya haziji sisi kiwandani hatutoi khanga, khanga hakuna mkulima halimi. Ndo hivyo, ilikuwa inajizungusha yenyewe.

Mi nimeiona kwa mikono yangu. Tulikuwa tunang'oa vipuri mashine hii kuponyesha ile, mpaka ukumbi mzima zimebaki chache zinazolia na nyingine ni mifupa. Tunaripoti asubuhi, tunacheza bao, mwisho wa mwezi mshahara upo. Hapo ndo mjue kwa nini pesa ilikuwepo na vitu havipo.

79 Mtei, waziri wa fedha, alitaka tuelewane na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ishuke thamani. Mwalimu Nyerere akakataa, Desemba Mtei akajiuzulu, na mwaka mpya Mwalimu akahoji tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Sisi pale kiwandani tulimshangilia sana Mwalimu, huku tumevaa katambuga za matairi. Leo ukiniuliza nani alikuwa sahihi nitakujibu kutegemea na nilivyoamka.

Mama Wawili:
Nyie wanaume mnaongea dola. Mi nitaongea sabuni. Tulifulia majani ya mpapai, unayaponda yanatoa povu kidogo, nguo nyeupe unaisahau. Mswaki ni kijiti na mkaa. Unga wa yanga je? Kwa wasiojua, ni ule unga wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, ukaitwa hivyo sababu ya jezi ya njano ya timu ya Yanga, watani wa Simba. Marehemu mume wangu ni Simba wa kufa, alikuwa anasusa kabisa, usiku anaamka anakula kiporo gizani akidhani sijui.

Ila kilichonibaki ni msiba wa mama mdogo. Sanda ilikosekana. Maiti ipo ndani, baba anazunguka na barua ya balozi kuomba mita chache za bafta, anaambiwa mwenye kusaini katoka. Tulizika jioni sana kwa shuka alilotoa jirani, lilikuwa na maua pembeni. Mpaka leo nikiona shuka la maua sijisikii vizuri. Basi, naomba niishie hapo.

Tarakea Boy:
Pole sana mama. Sisi wa mpakani tuliishi kwa magendo, niseme ukweli tu. Kahawa inaenda Kenya usiku kichwani, inarudi sabuni, mafuta ya kula na chumvi. Nilikuwa na miaka 12 nabeba, mzigo wa kwanza nilitapika kwa woga.

Duka la Kona:
Mmeisahau 83. Sokoine alirudi kuwa waziri mkuu mwezi wa pili, mwezi wa tatu msako wa wahujumu uchumi ukaanza. Baba alikuwa na duka, na stoo alikuwa na katoni za sabuni na majora ya kitenge. Alikuwa analangua? Ndiyo, alilangua, sitamtetea. Ila kuna vitu alinunua halali kabisa risiti hana, na nani alikuwa na risiti enzi zile. Usiku ule tulibeba majora na baba tukayatupa mtoni, na hatukuwa peke yetu, tulipishana na watu gizani wana mizigo kichwani na hakuna aliyesalimia. Asubuhi wanakijiji wanaopoa vitenge kama samaki.

Mtoto wa Balozi:
@Duka la Kona ndo maana sisi tulimpenda Sokoine. Wiki ile maduka yalijaa ghafla, mkatoa mlivyoficha.

Duka la Kona:
Yalijaa wiki ngapi mkuu? Vilivyofichwa vilipoisha nani alileta vingine? Nafuu ilikuja bajeti ya 84 waliporuhusu mwenye dola zake alete mali asiulizwe alizipata wapi.

Kapuku88 (mleta mada):
Dah. Na 86 ikawaje? Mzee anasema Mwinyi alikuja na ruksa mambo yakanyooka.

Ticha wa Zamani:
Yalinyooka dukani. Mwinyi kaingia urais Novemba 85, mwaka uliofuata tukasaini na IMF, shilingi iliyokuwa 17 kwa dola ikawa 40 na haikuishia hapo. Mitumba ikamwagika, dawa ya meno ya kila rangi, mke wangu alishika bomba la dawa ya meno akalinusa kama ua. Halafu akalirudisha kwenye meza, tukaondoka. Mshahara wa ualimu haukutosha wiki mbili. Nikaanza kufuga kuku kwenye choo cha nje, mke akawa anakaanga maandazi nauzia darasani saa nne, wanafunzi wangu ndo wateja wangu na anayedaiwa namkagua daftari kwa ukali zaidi, Mungu anisamehe. Mkuu wa shule hakusema kitu, yeye alikuwa anauza barafu.