Mdogo wangu kaitiwa kazi Palma, Msumbiji. Vita vimeisha kweli?

BintiIpagala
Habari za jioni wanajamvi. Niko Dodoma. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, na tangu kazi aliyokuwa nayo Mtumba iishe anaokoteza vibarua vya mageti na madirisha. Juzi wakala mmoja kampigia: kuna kazi Palma, mkoa wa Cabo Delgado, kwenye mradi wa gesi, aondoke kabla mwezi haujaisha. Mshahara aliotajiwa ni mara tatu ya anachopata hapa.

Nyumbani tumegawanyika. Baba anasema Wanyarwanda walishavimaliza vita tangu 2021, kijana aachwe akatafute. Mama hataki hata kusikia. Mimi ndiye mkubwa, neno langu ndilo linalosubiriwa, na siwezi kusema aende au abaki kwa kukisia. Naombeni ushauri, hasa mnaoijua kusini.

Mzee_wa_Makole
Binti, baba yako ana hoja. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Waasi walianza na Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Agosti 2020 wakauteka mji pamoja na bandari yake, wakakaa nao mwaka mzima. Rwanda ikapeleka askari wapatao 1,000 Julai 2021, na kufika Agosti mji ulikuwa umekombolewa. TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa inayoongoza huo mradi wa gesi, waliousimamisha Aprili 2021, Novemba 2025 walitangaza kuondoa zuio hilo. Kampuni yenye mradi wa dola bilioni 20 hairudi kwa kubahatisha. Mwache kijana.

Damu_ya_Kusini
Shikamoo mzee wangu. Miji imekombolewa, hilo silipingi. Lakini wapiganaji hawakwisha, walitawanyika. Mei 2024 waliingia mji wa Macomia, mkoa huohuo. Julai 2025 walikuwa Chiúre, kusini kabisa ya mkoa ule, na maelfu ya watu wakakimbia na watoto mgongoni. Hata kwetu Mtwara, Oktoba 2020 walivuka Mto Ruvuma wakaua watu na kuchoma nyumba Kitaya. Mimi ni wa huko, sitasahau.

Na mzee, tuhesabu gharama pia. Kikosi cha SADC, ambacho nasi Tanzania tulichangia askari, kilimaliza muda wake Julai 2024 na kazi haijaisha. Rwanda wamebaki, na Umoja wa Ulaya umewachangia euro milioni 20 Desemba 2022 na milioni 20 nyingine Novemba 2024. Siku wafadhili wakichoka, nani atalinda barabara ya Macomia?

Mzee_wa_Makole
Marahaba. Hilo la fedha ni kweli. Ila Palma si Macomia.

Fundi_Bomba
Dada, hapo kwenye Palma ndipo pa kuangalia. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, eneo la mradi pale Afungi, mwendo mfupi tu kutoka mjini, lilikuwa na askari. Waliokwama hoteli ya Amarula mjini, wengi wao wafanyakazi wa wakandarasi wadogo, walijaribu kutoka kwa msafara wa magari, wakavamiwa njiani na watu wakafa. Uzio ulikuwa mmoja, na wao walikuwa nje yake.

Kwa hiyo muulize wakala: kampuni inaitwaje? Mdogo wako atalala kambini ndani ya uzio, au atapanga chumba mjini? Atapelekwa kwa ndege au kwa barabara? Kibali cha kazi analipa nani? Na bima isomwe yote, maana bima nyingi hazilipi madhara ya vita. Kila kitu kiwe kwenye maandishi. Halafu nenda ofisi ya kazi hapo Dodoma, waulize kama wakala huyo amesajiliwa.

NesiMiyuji
Na asitoe hata shilingi kabla ya mkataba. Mpe pole mama.

BintiIpagala
Asanteni sana. Nimempigia wakala nikiwa na mdogo wangu pembeni. Jina la kampuni hataji, eti ataelezwa akifika Mtwara. Malazi, "mtajipanga wenyewe." Na anataka 350,000 ya usajili. Nimemwambia mdogo wangu haendi kwa njia hii, na baba amekubali. Ila kijana ameumia, na kazi bado anaihitaji.

Fundi_Bomba
Umefanya vizuri. Ana cheti cha VETA? Na je, amewahi kuchomelea mabomba, au ni mageti tu? Nijibu faragha, nijue pa kumuulizia.